Binti yangu ana kila kitu, mbona hana raha?

SWALI

Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Sahare hapa Tanga. Nina duka la vitambaa Ngamiani, na mume wangu anafanya kazi bandarini kwa zamu. Binti yetu ana miaka 8, yuko darasa la tatu katika shule ya mchepuo wa Kiingereza. Anaamka saa 11 alfajiri ili awahi gari la shule, anarudi saa 10 jioni, anaingia tuisheni mpaka saa 12, halafu ni kuoga, kula na kazi za shule. Analala saa 4 usiku. Jumamosi na Jumapili asubuhi yuko chuoni, madrasa. Mdogo wake wa kiume ana miaka 4, anashinda nyumbani na dada wa kazi, na bila katuni za kwenye simu hali wala hatulii. Tumewanunulia baiskeli, midoli, kila kitu ambacho sisi hatukukipata. Nyumbani tunajitahidi kuzungumza nao Kiingereza. Lakini binti amekuwa mkimya, analia kwa mambo madogo, na wiki iliyopita kaniambia anataka kuhamia kwa bibi yake Pangani. Baba yake anasema nimemdekeza, akichapwa kidogo atakaa sawa. Mama mkwe anasema tumpeleke, eti watoto wa mjini siku hizi hawana utoto. Naomba unisaidie: mtoto wa zama hizi anahitaji nini hasa ili awe na utoto wa furaha?

JIBU

Wa aleikum salaam, dada yangu. Asante kwa kuandika, na asante zaidi kwa kuniandikia saa. Wazazi wengi huniambia "mwanangu hana raha" bila kunieleza siku yake inakwendaje. Wewe umenipa ratiba nzima, na sehemu kubwa ya jibu imo humo.

Nimechukua karatasi nikaipanga siku ya binti yako. Tangu saa 11 alfajiri hadi saa 10 jioni, saa 11 nzima, anajiandaa, yuko garini au yuko shuleni. Saa 2 ni za tuisheni. Saa 4 zinazobaki kabla ya kulala zina kuoga, kula, sala na kazi za shule. Saa 7 amelala. Zimetimia 24. Nimetafuta saa moja iliyo yake, ambayo hakuna mkubwa anayemwambia la kufanya, sikuiona. Mwisho wa wiki nao, asubuhi zote mbili ni za chuoni.

Kwa hiyo nikuambie wazi, na umwambie na baba yake: mtoto huyu hakudekezwa. Amechoka. Mtoto akichoka muda mrefu hufanya hayo hayo uliyoyaandika. Hunyamaza, hulia kwa kitu kidogo, na hutamani kukimbilia mahali anapokumbuka kwamba aliwahi kupumzika. Kwake yeye mahali hapo ni Pangani.

Umeuliza mtoto wa zama hizi anahitaji nini. Anahitaji yale yale aliyoyahitaji bibi yake: ashibe chakula na usingizi, awe na mtu mzima anayemjua vizuri, awe na wenzake na muda wa kucheza nao, na asiishi kwa hofu. Kilichobadilika ni kwamba zamani mengi ya hayo yalikuja yenyewe. Wazazi wetu hawakupanga muda wa mtoto kucheza. Uwanja ulikuwepo, watoto wa majirani walikuwepo, na magharibi ikiingia aliitwa arudi. Leo nyumba ina ukuta na geti, barabara ina bodaboda, baba na mama wote wako kazini, na shule imeumeza mchana. Mzazi wa sasa inambidi ayatafute kwa makusudi mambo ambayo mama mkwe wako aliyapata bila kuyafikiria. Ndiyo maana mama anaona ni jambo jepesi, nawe unaona limekushinda. Wote wawili mna haki.

Kuhusu chakula sina haja ya kusema mengi. Tanga samaki, mchicha, maziwa na machungwa ya Muheza havijatuadimikia. Hakikisha tu hatoki na tumbo tupu alfajiri, hata kama ni uji.

Usingizi ndio nitakaouanza kwa uzito, kwa sababu unarekebishika haraka kuliko mengine yote. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anatakiwa kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Wako analala 7. Hata kwa kipimo cha chini kabisa anakosa saa 2 kila siku ya shule, na kwa siku 5 ni saa 10, yaani kila wiki anapoteza usiku mmoja mzima. Akiwa amelala ndipo ubongo unapoyapanga na kuyahifadhi aliyojifunza mchana, na ndipo homoni ya ukuaji inapotoka kwa wingi. Usingizi pia ndio unaompa mtoto uvumilivu wa kesho yake. Tena mtoto aliyekosa usingizi si lazima asinzie kama sisi wakubwa. Mara nyingi anakuwa mkali, anasahau, hasikii akiitwa, machozi yako karibu. Mwalimu ataandika kwamba hayuko makini, baba atasema ana kiburi, nyumba nzima itahangaika na tabia yake, kumbe ni usingizi.

Najua habari ya gari la shule. Linazunguka mitaa kuokota watoto, na aliye mwanzo wa njia ndiye anayeumia. Zungumza na shule wamhamishie mwisho wa mzunguko wa asubuhi. Wakikataa, wewe mwenyewe unakwenda Ngamiani kila siku kufungua duka. Piga hesabu ya bajaji ya kumpitisha shuleni asubuhi, kisha ilinganishe na unacholipa tuisheni. Kama fedha ya tuisheni inaweza kuhamia kwenye bajaji, mtoto atalala mpaka saa 12.

Hapo nimeshagusa tuisheni, na najua nimegusa kidonda. Mzazi wa darasa la tatu tayari anauona upimaji wa kitaifa wa darasa la nne ukimjia, na jirani yako mwanawe anakwenda, na mwalimu amesema. Msimamo wangu ni huu: kwa mtoto wa umri huu anayeelewa darasani, tuisheni ya kila siku inamchosha kuliko inavyomsaidia, maana inamkuta akili imeshafunga. Kama kuna somo moja limemlemea, siku mbili kwa wiki zinatosha. Siku zilizobaki mrudishie. Na kazi za shule zikimkalisha mezani zaidi ya saa moja, mfuate mwalimu umwambie hivyo hivyo. Walimu wengi hawajui kazi wanazotoa zinachukua muda gani nyumbani, kwa sababu hakuna mzazi aliyewaambia.

La chuoni naligusa kwa adabu. Asiache, hayo ndiyo malezi yetu na yatamfaa maisha yake yote. Muombe mwalimu wake siku moja tu ya mwisho wa wiki awe anaachiwa mapema, au masomo yahamie siku moja ya katikati ya wiki kwenye nafasi ya tuisheni. Walimu wa chuo nao wana watoto, wanaelewa.

Sasa soma hapa pamoja na mume wako. Mwaka 1954 na 1955, mtafiti Mary Ainsworth alikuwa Uganda, katika vijiji vya karibu na Kampala, akizitembelea familia 26 zenye watoto wachanga. Mengi yanayofundishwa leo duniani kuhusu mtoto na mama yake yana mizizi katika nyumba zile za Waganda. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake hamng'ang'anii. Hutambaa akaenda zake, akachunguza vitu, akageuka kidogo kuangalia kama mama yupo, kisha akaendelea. Na aliona jambo jingine ambalo huwa nalirudia kwa kila mzazi anayekuja kwangu: akina mama wa watoto wenye utulivu huo ndio walioweza kumsimulia habari za watoto wao kwa undani, zile ndogo ndogo, anapenda nini, anakasirishwa na nini, jana kafanya nini.

Dada yangu, barua yako ina shule, ina tuisheni, ina baiskeli. Haina rafiki hata mmoja wa binti yako. Haisemi nani anakaa naye deski moja, nani anamchokoza garini, mchezo gani anaupenda, anaogopa nini usiku. Yumkini unayajua yote ukaona hayana nafasi kwenye barua. Kama huyajui, anza hapo kabla ya pengine popote.

Usimhoji lakini. Ukimuuliza "shule ilikuwaje?" atakujibu "nzuri" na mazungumzo yataishia hapo. Kaa naye mkichambua mchele, mkikuna nazi, au ukimsuka nywele. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa hayatazamani, mtoto huanza kusema mwenyewe. Akianza, zuia hamu ya kumfundisha. Akikwambia "fulani kakataa kucheza na mimi", usimkimbilize kwenye "achana naye, wewe soma". Muulize "ikawaje?" halafu nyamaza. Utasikia mengi.

Na mzungumze naye Kiswahili. Naelewa kwa nini mmeingiza Kiingereza nyumbani, mnalipa ada na mnataka ada izae. Kiingereza atakipata shuleni saa zote hizo anazokaa huko. Mtoto akitakiwa ajieleze kwa lugha anayobabaika nayo, atasema kile anachokijua maneno yake, na kile kinachomuuma kitabaki kifuani. Tena mtoto mwenye lugha imara ya nyumbani, aliyelelewa kwa hadithi na masimulizi, hujifunza lugha ya pili akiwa na pa kuegemea. Mwambie baba, usiku asiokuwa na zamu, azime taa aseme "Paukwa!" aone watoto watakavyoitikia. Hadithi za sungura na fisi anazikumbuka, hakuna mtoto wa Tanga wa umri wake asiyezikumbuka.

Kazi ya zamu ina faida ambayo baba mwenyewe huenda hajaiona. Kuna mchana yuko nyumbani wakati baba wengine wako kazini. Watoto hawamdai baba siku nzima, wanachotaka ni kujua lini. Akimwambia binti yake, "Ijumaa nikitoka zamu nakufuata mimi shuleni", na Ijumaa ikifika amesimama getini, mtoto ataishi wiki nzima akiisubiri. Kutembea naye kutoka shuleni mpaka kwenye bajaji, wakinunua muwa au mihogo njiani, kunamtosha. Ahadi ndogo inayotimia ni bora mara nyingi kuliko ahadi ya kwenda kutembea Dar es Salaam isiyofika siku yake.

Tuje kwenye kucheza, na hapa naomba uvumilie nikae kidogo, kwa sababu ndicho kitu wazazi wa mjini tunachokidharau kuliko vyote. Umesema mmewanunulia baiskeli na midoli. Baiskeli ndani ya geti, peke yake, mtoto huzunguka mara tatu akachoka. Hana ubaya wowote na baiskeli, amekosa mwenzake wa kushindana naye.

Karibuni nilipita Mabawa saa 11 jioni nikakuta watoto kama kumi wanacheza kombolela chini ya mkungu. Kopo limesimamishwa mchangani, kijana wa miaka tisa hivi kaegemeza uso kwenye shina anahesabu, wenzake wametawanyika. Alipomaliza akaanza kuwasaka. Akamwona mtu nyuma ya ukuta, akakimbilia kopo, akataja jina, akalikanyaga. Kumbe aliyemtaja siye. Wasichana wawili walikuwa wamebadilishana kanga, na jina alilolitaja lilikuwa la yule mwingine. Zogo likaanza. Yeye anasema huo ni wizi, wao wanasema ndiyo mchezo wenyewe. Mkubwa wao mmoja akasema sheria ya kubadilishana nguo wangeiweka mwanzo. Wakabishana, wakakubaliana kwamba raundi hii haihesabiwi na kuanzia inayofuata inaruhusiwa. Mchezo ukaendelea. Muda wote huo kulikuwa na kitoto cha miaka kama minne kimejificha nyuma ya nguzo ya umeme, tumbo lote liko nje, na kila msakaji alipopita alijifanya hakukiona.

Hakuna mtu mzima aliyekuwepo pale kuwafundisha. Wametunga sheria, wameidai haki, wameshindwa wakavumilia, wamesikilizana wakiwa na hasira, na mkubwa amemwachia mdogo afurahie. Tuisheni gani ya muda wa saa 2 itamfundisha binti yako hayo? Mtoto anayekosa michezo ya namna hii anafika darasa la saba hajui kugombana akapatana. Wengi wa watoto wakimya ninaoletewa hawana ugonjwa wowote. Hawajawahi kuachwa na wenzao bila mkubwa kati yao.

Mwili nao una haki yake. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate walau dakika 60 kila siku za kujishughulisha mpaka jasho na pumzi ziende mbio. Kwa wa miaka 3 na 4, wa umri wa mdogo wake, ni dakika 180 za kuruka na kutembea kwa siku, na 60 kati ya hizo ziwe za nguvu. Rede, kuruka kamba na chandimu vinatosha, hakuna haja ya klabu wala ya kulipia.

Na kama baba ataona hili ni mambo ya kuendekeza, sheria ya nchi haioni hivyo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara ya 31 ya mkataba huo inampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo, inapotaja wajibu wa mzazi, inaweka haki ya kucheza na kupumzika katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu.

Mtafanyaje basi na geti na bodaboda? Ongea na majirani wawili au watatu wenye watoto. Mkubaliane kwamba baada ya alasiri mpaka magharibi geti moja linafunguliwa, watoto wanakutana hapo, na mkubwa mmoja anakaa barazani, leo wa kwako, kesho wa jirani. Akae na kazi zake, achambue mboga, asiwaongoze. Kazi yake ni kuangalia barabara na kujua nani ameingia na nani ametoka. Kwa kuwa mko Sahare, bahari iko mlangoni kwenu. Maji yakipwa wapelekeni wakimbize kaa na kuokota kombe, ila pamoja na mtu anayejua kuogelea, na wafundishwe kuogelea wote wawili. Mtoto wa pwani asiyejua maji ni wa kumwogopea.

Sasa fimbo. Naomba baba asome hapa bila kukasirika, maana najua anachokitaka ni mtoto mwenye adabu. Utafiti wa kitaifa uliofanyika hapa kwetu mwaka 2009 kuhusu ukatili kwa watoto ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepigwa au kutendewa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kama fimbo ingekuwa inaleta adabu, nchi nzima ingekuwa na adabu. Tafiti zilizokusanywa kwa miongo mingi duniani zinaonyesha kwamba mtoto anayechapwa hutii papo hapo, lakini kadiri miaka inavyokwenda anakuwa mgomvi zaidi na anajitenga na mzazi aliyemchapa. Ninachokiogopa zaidi katika hali ya binti yenu ni kwamba akichapwa kwa kulia, atajifunza kutolia mbele yenu. Mtaona ametulia, na mtakuwa mmepoteza njia pekee ya kujua kinachomsibu.

Maana kuna jambo lazima mliondoe shaka. Uchovu unaeleza mengi niliyoyasoma, lakini mtoto akibadilika ghafla yatupasa tuulize pia kama kuna anayemdhuru, shuleni, garini, tuisheni, chuoni au nyumbani. Utafiti ule ule wa 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na wavulana takriban mmoja kati ya 7. Anayefanya hivyo mara nyingi ni mtu ambaye mtoto anamjua. Mfundishe majina ya viungo vyake vyote bila kuona haya. Mwambie hakuna mtu anayeruhusiwa kumwekea siri ya kutomwambia mama, na kwamba hata akiwa amekosea yeye, akikwambia hutampiga. Kisha ahadi hiyo muitimize. Akikwambia neno la kukutisha, mwamini kwanza. Namba 116 ni simu ya bure ya kusaidia watoto nchini, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Zitumieni, msiyamalize mambo kama hayo kifamilia.

Mdogo wake. Kwa mtoto wa miaka 4, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri muda wa kuangalia skrini usizidi saa 1 kwa siku, na ukipungua ni bora zaidi. Katuni zenyewe hazimpi sumu. Shida iko katika kile kinachokosekana wakati anaziangalia. Katika umri huu lugha na akili vinajengwa kwa kujibiwa: anasema neno, mtu anamjibu, anauliza tena, anajibiwa tena. Simu inasema tu, haimsikii. Anza na chakula: simu isiwepo kabisa wakati wa kula, na aketi na watu wengine wanaokula. Siku za mwanzo atalia na atakula kidogo. Mtoto mwenye afya hatajinyima kwa muda mrefu, vumilieni. Baada ya hapo mpeni vya kushika: mchanga, maji kwenye beseni, vifuu vya nazi, sufuria kuukuu. Atapiga kelele na atajichafua, na hapo ndipo utajua mambo yanakwenda vizuri.

Lakini mtu anayekaa naye mchana kutwa ni dada wa kazi, na barua yako imempita kwa neno moja tu. Yeye ndiye mtu mzima wa mwanao kuanzia asubuhi hadi jioni. Je, ana miaka mingapi? Wengi wa mabinti hawa wanatoka Lushoto, Handeni au Korogwe wakiwa wadogo. Aliye chini ya miaka 18, kwa Sheria ya Mtoto, naye ni mtoto, ana utoto wake na ana mama yake anayemwaza. Awe mkubwa au mdogo, akiwa anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho, analipwa kwa kusuasua na kusemwa mbele ya watoto, hatakuwa na nguvu ya kujibu maswali mia ya mtoto wa miaka 4, na simu ndiyo itakayompumzisha. Mlipe kwa wakati, mpe siku ya mapumziko, mweleze kwamba kuzungumza na mtoto ni kazi muhimu kuliko kufua na kupiga deki, na siku aliyocheza naye usimuulize kwa nini sakafu haijapigwa deki. Tena asibadilishwe badilishwe. Kila anapoondoka mmoja, mtoto anampoteza mtu.

Ukipata chekechea ya karibu, mpeleke asubuhi kwa saa chache. Ukienda kuikagua, angalia uwanja kabla ya vyeti vya ukutani. Mahali ambapo watoto wa miaka 4 wamekalishwa kutwa wanakopi herufi, ondoka.

Na Pangani? Kwenye kisiwa cha Kauai huko Hawaii, mtafiti Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 mpaka wakawa watu wazima. Baadhi yao walikulia kwenye umaskini na nyumba zenye ugomvi. Theluthi moja hivi ya waliokulia kwenye shida hizo walitoka salama, wakawa watu wazima wenye kujiamini na kuwajali wengine. Jambo mojawapo lililowaunganisha ni kuwa na walau mtu mzima mmoja aliyewapenda bila masharti, na mara nyingi mtu huyo alikuwa bibi au babu. Kwa hiyo bibi wa Pangani ni hazina, na mama mkwe ana haki akiona kwamba watoto wanamhitaji. Ila nisingewashauri kumhamishia huko. Mtoto anayehamishwa akiwa na huzuni anaweza kuelewa kwamba ameondolewa kwa sababu ya kulia kwake, na wazazi wake wapo hai, wanampenda na wanaweza kurekebisha ratiba. Likizo za Juni na Desemba mpelekeni kwa majuma kadhaa, na mdogo wake pia. Kila mwezi mtafutieni siku mbili za kwenda, Pangani si mbali. Katikati ya hapo apige simu kwa bibi mwenyewe, azungumze naye faraghani, na msiulize amesema nini.

Mwambieni mapema kwamba mmemsikia, kwamba ombi lake la kwenda kwa bibi ndilo lililowafanya mkae chini mkabadilisha mambo. Mtoto wa miaka 8 anapaswa kujua kwamba neno lake lina uzito nyumbani kwao.

Badilisheni usingizi na tuisheni wiki hii, mengine yafuate taratibu. Mkishika hivyo kwa mwezi mmoja au miwili, natarajia mtamwona akicheka tena. Kama bado analia kila siku, hali vizuri, ameanza tena kukojoa kitandani, au anaumwa tumbo kila asubuhi ya shule, mpelekeni hospitali, Bombo au kituo kilicho karibu nanyi, mkaeleze habari zote kuanzia za kulala. Akitamka kwamba hataki kuishi, au ukiona alama mwilini usizozielewa, usingoje mwezi uishe wala baba amalize zamu. Funga duka umpeleke siku hiyo hiyo.